FreeBSD: kadi ya mtandao re0 inashuka hadi 100 Mb/s na kutoa "watchdog timeout"

ngomeni
Wadau, salaam. Seva ya FreeBSD 14 iko ofisini Kilindini, kadi ya mtandao ya ubaoni inaendeshwa na draiva ya re (ya chipu za Realtek). Mafaili makubwa yakianza kunakiliwa, mtandao hukatika sekunde kadhaa na dmesg (ujumbe wa kernel) huandika:

`re0: watchdog timeout`
`re0: link state changed to DOWN`

ifconfig inaonyesha 100baseTX (kasi ya 100 Mb/s) na swichi ni ya gigabiti. Kulazimisha 1000baseT kwa mkono hakukusaidia. Nibadilishe kadi?

kongowea22
Hayo ni matatizo mawili ndugu yangu, usiyachanganye. Anza na waya. 100baseTX hutumia pini 1, 2, 3 na 6 tu. Gigabiti yataka jozi zote nne. Pini 4, 5, 7 au 8 ikigusa vibaya, kadi nyingi hujaribu gigabiti, zikishindwa hushuka 100 kimyakimya. Chomoa plagi uimulike tochi. Kwa hewa hii yetu ya chumvi, ukiona ukijani kwenye meno usihangaike kusugua: kata, funga plagi mpya, ncha zote mbili. Soma na maandishi ya ganda. Ikiwa ni CCA, yaani alumini iliyopakwa shaba, tupa.

Kisha rudisha mapatano (autonegotiation, kadi na swichi kukubaliana kasi), maana gigabiti ya shaba haiendi bila hayo:

`ifconfig re0 media autoselect`

tudor_sys
Watchdog timeout maana yake kadi imepewa data ya kutuma, muda umepita, haijasema imemaliza. Kwanza ipunguzie kazi, zima TSO (kadi kukata data vipande) na checksum (hesabu za ukaguzi) zinazofanywa na kadi:

`ifconfig re0 -tso -txcsum -rxcsum`

Ikitulia, yaweke kwenye rc.conf (faili la mipangilio) ili yadumu. Isipotulia, weka draiva ya Realtek wenyewe, `pkg install realtek-re-kmod`, halafu kwenye /boot/loader.conf:

`if_re_load="YES"`
`if_re_name="/boot/modules/if_re.ko"`

Washa upya, kldstat (orodha ya moduli zilizopakiwa) lazima ionyeshe if_re.ko. Usifanye kwa SSH (kwa mbali kupitia mtandao) ukiwa nyumbani Bamburi! Draiva ikigoma umejifungia nje. Kaa na skrini na kibodi. Ukipandisha toleo la mfumo, moduli inaweza kukataa kupakiwa: ijenge upya kutoka net/realtek-re-kmod kwenye ports (mkusanyiko wa programu za kujijengea), na /usr/src (msimbo chanzo wa mfumo) iwe ya toleo hilohilo.

ngomeni
Pini 7 na 8 upande wa swichi zilikuwa kijani kabisa. Plagi mpya, sasa ni 1000baseT full-duplex. Timeout ingalipo hata baada ya kuzima tso, naingia kwenye draiva.

kongowea22
Ukinakili, acha `netstat -I re0 -w 1` ikienda pembeni. Safu ya errs (makosa) ya upande wa kupokea ikipanda, bado kuna waya. Ikibaki sufuri na timeout ipo, ni draiva au kadi yenyewe.