Mwajiri amewapa polisi faili langu lote, na mimi ni shahidi tu

Karani_Malaba
Salamu kwenu, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni karani wa godauni hapa Malaba, mpakani upande wa Uganda, mwaka wa tano sasa. Mwezi uliopita katoni 60 za sabuni ziliibwa usiku, zamu isiyo yangu. Polisi walikuja, nikaandika maelezo kama shahidi kwa sababu mzigo ule niliupokea mimi jioni na sahihi yangu imo kwenye daftari. Hilo sina neno nalo, mwizi atafutwe.

Siku tatu baadaye mama akanipigia kutoka kijijini, sauti inatetemeka. Askari alikuwa amempigia kumwuliza huwa namtumia pesa ngapi na kama nimenunua kiwanja. Mama ana presha. Namba yake kazini iko sehemu moja tu, kwenye fomu niliyojaza siku ya kuajiriwa, pale wanapouliza ukipata ajali apigiwe nani.

Nilipokwenda kituoni kusaini, nikaliona faili langu mezani. Fotokopi ya kitambulisho cha taifa. Taarifa za pesa zangu za simu za miezi sita, nilizopeleka nilipoomba mkopo wa mshahara. Na cheti cha hospitali cha 2022, nilipopoteza mimba. Cheti hicho nilimpa bosi mkononi ili nipate ruhusa ya wiki mbili. Hata mama hajui habari hiyo, lakini askari nisiyemjua amekwisha kuisoma.

HR, yaani afisa wa utumishi, ananiambia, "Polisi wakiomba hatukatai." Ni kweli hakuna mpaka? Na nikiuliza, sitafukuzwa?

Mzee_Mstaafu
Pole sana binti yangu. Nilikuwa mpelelezi miaka 22, sasa nalima mihogo. Nitakwambia tulivyokuwa tukifanya. Mara nyingi tulikwenda kwa mwajiri na mdomo tu, bila karatasi. Tulichohitaji ni ratiba ya zamu na daftari la mizigo. Mwajiri akishaona sare anaogopa, anasukuma faili zima mezani, nasi tunalibeba. Tukishalibeba tunalisoma.

Mpelelezi anayejua kazi yake huja na barua yenye namba ya CRB, yaani namba ya kesi iliyofunguliwa kituoni, imetaja kitu anachotaka. Akitaka kupekua, anakwenda kwa hakimu kuchukua hati. Nenda umwone mkuu wa upelelezi wa kituo hicho, umweleze kwa upole habari ya mama yako, uombe cheti cha hospitali kitolewe kwenye jalada kwa kuwa hakihusiani na sabuni. Akikupuuza, polisi wana kitengo cha nidhamu, PSU, kinachopokea malalamiko juu ya askari.

DadaHR_Jinja
Dada, nimekaa HR miaka tisa na barua yako imeniumiza. Wengi watakwambia mwajiri hawezi kutoa chochote bila ridhaa yako. Si hivyo. Sheria yetu ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaruhusu taarifa zitumike bila ridhaa yako pale zinapohitajika kuchunguza kosa. Usiingie ofisini na hoja hiyo, watakushinda mara moja.

Hoja yako ni ya kiasi. Sheria hiyo hiyo inataka zitumike taarifa zinazohusika na zinazotosha, zisizidi haja. Mimba iliyotoka mwaka 2022 inahusiana vipi na katoni zilizopotea mwezi uliopita? Tena habari za afya na za fedha sheria imezitenga katika kundi la kulindwa zaidi. Na una haki ya kumwuliza mwajiri ana taarifa gani zako na nani mwingine amezipata. Andika hivi: "Naomba kujua ni karatasi zipi za faili langu zilizotolewa, alipewa nani, tarehe gani, na kwa ombi gani la maandishi." Usiongeze lawama hata moja. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri ubaki nayo. Wakinyamaza, kuna Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari, ndiyo inayopokea malalamiko ya namna hii.

Mwaka 2023 polisi walikuja kwetu kumfuatilia dereva. Niliwapa kitabu cha safari, mengine nikawaomba waandike. Bosi alinifokea mbele ya wageni, nikarudi nyumbani nikijua sina kazi. Kesho yake barua ikaja, na ilitaka vitu viwili tu: tarehe za safari na namba ya gari. Faili la yule dereva lilikuwa na barua za talaka yake. Mpaka leo nikikutana naye nafurahi kwamba sikulitoa.

Wakili_Mbale
Kuhusu kufukuzwa: Sheria ya Ajira ya 2006 inataja wazi kwamba kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kukuachisha kazi. Wakikutisha, nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya, Tororo. Beba ile nakala yenye mhuri.

Karani_Malaba
Asanteni, na wewe mzee shikamoo. Barua nimeipeleka Jumatatu, katibu akagonga mhuri bila kuuliza kitu. Alhamisi HR aliniita. Polisi hawakuleta barua yoyote, amekiri mwenyewe, na ameniahidi kuandika kudai cheti kirudishwe. Nimemwambia nitaamini nikikishika.

Kituoni mkuu wa upelelezi alinisikiliza. Amesema mama hatapigiwa tena.

Na mama nimemwambia mwenyewe jana usiku, habari ya 2022. Sikutaka aisikie kwa askari. Alilia, halafu akaniuliza kwa nini nilibeba peke yangu muda wote huo.