Tupeane uzoefu: mke na mume wote mna fani, mkahamia nje. Nani alitangulia, nani alisubiri?

Mwana Katuba
Wakubwa, jambo zenu. Mimi ni mhandisi wa umeme hapa Lubumbashi, mke wangu ni mfamasia. Hatulali njaa, ila mikataba ya migodini ni ya miezi tu, na yeye amechoka kusimamia duka la dawa la mtu. Tumeanza kuongea habari za Canada. Mawakala ninao, simu imejaa. Nataka waliokwenda wawili: dosye, yaani faili la maombi, ilikuwa kwa jina la nani, na yule mwingine alifanya kazi gani mwaka wa kwanza? Semeni ukweli, picha za theluji tumeshaziona.

Mama Hesabu
Sisi tuko Ontario. Mume wangu ni injinia wa metaluji, mambo ya kuyeyusha madini, alisoma Polytechnique ya UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, na kwa uzoefu wa kazi ananizidi mbali. Familia nzima ilijua yeye ndiye mwombaji. Tukapiga hesabu akiwa yeye mbele, tukapiga tena nikiwa mimi mbele, hesabu ikamkataa. Kwenye Express Entry, mfumo wa Canada wa kuchagua wahamiaji kwa alama, mwenye mwenza anapata alama 100 za umri akiwa na miaka 20 hadi 29, halafu zinaanza kushuka tano tano: ukiwa na 31 unapata 90, ukiwa na 39 unapata 50. Yeye alikuwa na 39, mimi 31. Tena mimi nilisoma sekondari Kitwe, Zambia, Kiingereza ninacho. Kifaransa kikifika kiwango cha 7 katika stadi zote nne, na Kiingereza angalau cha 5, unaongezewa alama 50. Mwenza anayefuata, hata awe profesa, hawezi kuchangia zaidi ya 40. Basi mwalimu wa hisabati nikawa mkuu wa dosye, injinia akanifuata. Baba mkwe tulimweleza polepole.

Na msidharau mtihani wa lugha eti mmesoma kwa Kifaransa tangu utotoni. TCF Canada, mtihani wa Kifaransa, ina sehemu ya kusikiliza, sauti inapita mara moja basi. Matokeo yanadumu miaka miwili, kwa hiyo msiufanye kabla karatasi nyingine hazijakaribia. Faida yetu Wakongo ni kwamba tangu 2023 kuna duru za kuchagua wenye Kifaransa peke yao, na alama zake huwa chini sana kuliko za duru za kawaida. Ila mjue, njia hiyo si ya Québec, jimbo lile la Kifaransa. Québec wana mlango wao.

Papa wa Kenya (komine yetu, si nchi)
Sisi ndio tuko huko Québec. Mke wangu ni nesi, mimi mhasibu. Jina lilikuwa lake. Tulidhani ukishapata ukaaji wa kudumu umemaliza, kumbe kushika sindano kuna ruhusa yake. Chama cha manesi, OIIQ, kiliangalia diplome yake kikampa masharti: mafunzo ya ziada, kisha mtihani. Akisubiri, akaingia nyumba ya wazee: kuwaosha, kuwalisha kwa kijiko, kuwageuza usiku wasipate vidonda. Huyu Lubumbashi alikuwa nesi mkuu wa zamu. Usiku mmoja akaona mzee anabadilika rangi ya midomo, akajua ni nini, na kazi yake pale ilikuwa kubonyeza kengele tu na kungoja. Alinipigia saa tisa za usiku analia. Mzee alipona, hakuwa analia kwa ajili yake.

Mimi mchana nilikuwa nabeba maboksi kwenye depo. Tulikuwa tunapokezana mtoto mlangoni kama walinzi wa benki. Tulikubaliana yeye arudi shule kwanza, mimi nilipe kodi ya nyumba, kwa sababu leseni yake ikitoka kazi ipo, wakati mhasibu mgeni lazima kwanza apate wa kumwamini na vitabu vyake. Leseni ameipata. Mimi naandika hesabu za gereji ya mtu, nusu siku, shule yangu inaanza Septemba. Shemeji zangu wanasema nimeolewa. Waseme.

Dada Joburg
Si lazima mvuke bahari. Sisi tulishuka Afrika Kusini, mume wangu akiwa na viza ya stadi adimu. Diplome ilipita SAQA, wanaotathmini vyeti vya nje, na kwa kuwa ni mhandisi ilibidi ajiandikishe ECSA, baraza la wahandisi. Jambo ambalo hatukuambiwa na mtu: viza hiyo ni yake. Mke anapewa ya kumsindikiza, haimruhusu kufanya kazi. Mimi daktari wa meno nikawa wa kusonga bukari, yaani ugali, na kuangalia waya wa umeme juu ya ukuta wa jirani. Ukitaka kazi unaomba viza yako kwa sifa zako mwenyewe, na huo ni mzunguko mwingine. Ulizeni hilo kabla ya kuuza kiwanja.

Yaya Makaratasi
Haya yote ni sawa, lakini dosye zetu nyingi zinakwama kwenye jina. Tuna nom (jina la ukoo), postnom (la kuongezea) na prénom (la kwanza), mambo ya Mobutu ya 1972 alipobadili majina, na fomu za wenzetu zina nafasi mbili. Diplome haina prénom, pasipoti inayo, cheti cha ndoa kimekosea herufi. Sahihisheni sasa mkiwa nyumbani.

Halafu ndoa yenyewe. Mahari mmetoa, mbuzi wameliwa, kanisa lilijaa, lakini kama hamkupita komine, ofisi ya serikali ya mtaa, cheti hakuna. Canada inakubali hata walioishi pamoja mwaka mzima bila ndoa, sharti muonyeshe ushahidi: akaunti ya pamoja, mkataba wa nyumba wenye majina mawili. Nani hapa Lubumbashi ameandikisha mke kwenye mkataba wa nyumba? Nendeni komine.

Mwana Katuba
Asanteni sana. Kuna bwana anatuuzia kontra, yaani mkataba, ya kazi, dola elfu tatu, anasema inapandisha alama. Vipi?

Mama Hesabu
Mkimbieni. Mwajiri wa Canada anayetaka kibali cha kuleta mgeni, ile LMIA, hulipa mwenyewe dola 1,000 za kule, na ni marufuku kumdai mfanyakazi. Tena tangu tarehe 25 Machi 2025 barua ya kazi haiongezi alama yoyote kwenye Express Entry. Hata ingekuwa ya kweli, mngekuwa mnanunua nini?

Mwana Katuba
Mke amesoma hapa begani kwangu. Mimi 38, yeye 33. Yaani 55 kwa 80. Amesema jina ni lake, na Jumatatu anaanza Kiingereza. Anauliza diplome ya mfamasia inapelekwa WES, wale wa kulinganisha diplome za nje?

Mama Hesabu
Hapana ndugu. Mfamasia anayetaka leseni, tathmini yake inafanywa na PEBC, bodi ya mitihani ya wafamasia. Wakishapitisha karatasi zake, ndipo mitihani yao inafuata. Hatua ya karatasi anaweza kuianza akiwa hapo hapo Lubumbashi. Mwambie aende chuoni wiki hii aulize nani anatuma karatasi za pointi, yaani za matokeo ya masomo, maana pale ndipo siku nyingi zinapotea.