Mjadala: LC1 ifunge vibanda vya gemu siku za shule?

Mwalimu wa P6: Wazazi mtaani wanataka LC1, baraza letu la mtaa hapa Uganda, ifunge vibanda vyote vya gemu Jumatatu hadi Ijumaa. Naunga mkono. Watoto wanasinzia darasani, hasira hazishikiki, wengine wanapata kifafa kwa hizo skrini. Shirika la Afya Duniani lenyewe limesema gemu ni ugonjwa. Mnasemaje?

Fundi Ndeeba: Mwalimu, hawakusema gemu ni ugonjwa. Kilichoingia kwenye orodha yao, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, ni ulevi wa gemu: mtu hawezi kujizuia, gemu inatangulia masomo na mambo mengine ya maisha, na madhara yakionekana bado anaendelea. Tena kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Mtoto anayecheza mechi mbili akitoka shule hayumo.

Nesi Mbale: Mimi LC nawaachia. Limeniuma hilo la kifafa. Gemu haimpi mtu kifafa! Kuna watu ambao ubongo wao hushtushwa na mwanga unaomwekamweka, kama 3 kati ya kila 100 wenye kifafa. Hatari ni mwanga unaowaka na kuzima kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde, hasa ukijaa skrini nzima. Mkieneza haya ovyo, mzazi atamficha mtoto ndani na dawa aache kumpa.

Mwalimu wa P6: Dada, usinifanye adui wa wagonjwa. Japani si watoto mamia walianguka siku moja kwa gemu ya Pokémon?

Nesi Mbale: Ilikuwa katuni ya televisheni, Desemba 1997. Nyekundu na buluu zilipishana kama mara 12 kwa sekunde, watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali. Hapakuwa na gemu hapo.

Mkaazi wa Kitgum: Na ule ugonjwa wa kutikisa kichwa msiutie humu. Huku Kitgum na Pader umeshika watoto wa vijiji visivyo hata na umeme. Unahusishwa na minyoo ya usubi, wale inzi weusi wa mtoni. Tumechoka kuona watoto wetu wakitolewa mfano kwa kila jambo.

Mama Nakawa: Mmehama kabisa. Ubongo je? Dopamini, ile kemikali ya raha ubongoni, si inapanda kama ya mtu anayevuta bangi?

Saikolojia Makerere: Mama, kuna kipimo cha dopamini kwa wacheza gemu cha 1998, ila kilikuwa cha wanaume 8 tu, wakiendesha kifaru kwenye skrini. Dopamini ilipanda kweli, lakini hata chakula kitamu huipandisha. Mwaka 2003 watafiti Green na Bavelier waliwachezesha watu gemu ya vita saa moja kwa siku, siku 10. Wakawapita waliocheza Tetris, gemu ya kupanga vipande, katika kutambua vitu vingi kwa macho kwa haraka. Ni macho na umakini, hesabu za P6 hazimo. Na kusinzia kwanza muulizie simu ya kitandani: mwanga wake unachelewesha usingizi, na gemu yenyewe inamwacha mtoto na moyo juu.

Fundi Ndeeba: Narudi kwa nesi, maana hilo linarekebishika kesho. Wenye vibanda huzima taa ili picha ing'ae. Ndilo kosa: chumba kikiwa giza, kila mmweko unapiga macho kwa nguvu zaidi. Taa iwake, mwangaza wa skrini upunguzwe, na kwa skrini ya inchi 32 benchi lirudi mita 2. Waya za padi zikiwa fupi, watoto watasogea tu, kwa hiyo nunua ndefu.

Nesi Mbale: Asante ssebo. Na mtoto akisema mwanga unamsumbua, afunike jicho moja kwa kiganja na kugeuka. Kufumba macho hakutoshi, mwanga unapenya kope. Akianguka, sogeza stuli na waya, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Dakika 5 zikipita, kituo cha afya mara moja.

Mama Nakawa: Kwa hiyo vibanda vimeshinda?

Mwalimu wa P6: Havijashinda. Saa za shule mlango ufungwe, hapo sirudi nyuma. Ila kile kilicho nyuma ya shule yetu hakina hata dirisha, na benchi limegusana na skrini. Jumatatu nakwenda na futi. Fundi, hizo mita 2 napima kutoka kwenye kioo au kutoka ukutani?

Fundi Ndeeba: Kutoka kwenye kioo hadi machoni, mtoto akiwa ameketi.