Msaada wa haraka: maana za kale za maneno mawili ya Kiingereza

Kalamu Butu:
Wakuu, habari za jioni. Nina swali dogo tu kwa wajuzi wa Kiingereza. Neno "meat" zamani lilikuwa na maana gani? Na "prevent" je? Nasikia maneno ya kale yanadanganya. Kuna kitu nakifanyia kazi. Matusi sitaki.

Mzee wa Kamusi:
Mleta mada umenigusa penyewe. Chukua "nice": limetoka kwenye Kilatini "nescius", asiyejua, na Waingereza wa kale wakimwita mtu hivyo walimaanisha mjinga. "Silly", ambalo leo ni mpuuzi, lenyewe lilikuwa mwenye heri, aliyebarikiwa. Maneno haya mawili yamepishana ngazini, moja linapanda, jingine linashuka. "Girl" alikuwa mtoto yeyote, hata wa kiume. Na Samuel Johnson, kwenye kamusi yake ya 1755, alieleza kuwa "oats" ni nafaka ambayo Uingereza hulishwa farasi, ila Skotland hulisha watu. Mzee alikuwa na kisirani yule.

Kinyozi wa Zamu:
Kumbe mwalimu alipoandika "nice" kwenye daftari langu alikuwa ananiambia ukweli.

Dada Mkavu:
Mzee, umeulizwa "meat", umejibu shayiri. "Meat" ilikuwa chakula chochote kile, ndiyo maana "sweetmeat" ni peremende na haina nyama ndani. "Prevent" asili yake ni kuja mbele, yaani kutangulia. Sasa mkuu, jazia nyama. Unafanyia kazi gani?

Kalamu Butu:
Tafsiri ya kijitabu cha ibada. Kurasa 48 tu.

Dada Mkavu:
Na kijitabu kiko wapi saa hizi?

Kalamu Butu:
Kiko kwa mchapaji. Nakala 300, uzinduzi Jumapili. Malipo ya awali nilishachukua, yakaenda kwenye ada ya mtoto. Mzee mmoja wa kanisa alinipa mafundisho ya kale ya Kiingereza yenye aya za Biblia ya King James, ile ya 1611, nikafasiri kwa kamusi ya kwenye simu. Jana usiku napitia nakala ya mfano, Walawi sura ya 2, nakuta nimeandika "sadaka ya nyama". Nashuka chini: unga laini, mafuta, ubani. Nyama hakuna! Nikakimbilia Wathesalonike, nimeandika "hatutawazuia waliolala". Warumi 1, pale Paulo anaposema "was let", nimeweka "niliruhusiwa".

Mzee wa Kamusi:
Hahaha, "let" ya hapo ni kuzuiliwa! Palipotakiwa kuzuia umeruhusu, palipotakiwa kutangulia umezuia.

Mama Wawili:
Kazi ya Mungu unaifanya kwa simu, baba? Ila nisikuhukumu sana. Mimi niliwahi kumkalimania mhubiri mgeni, akasoma "suffer the little children", yaani waacheni watoto waje, nami kwa sauti yote nikasema waacheni watoto wateseke. Kanisa kimya. Mchungaji akanikanyaga mguu chini ya meza. Mpaka leo nikimwona nauficha mguu. Rudisha hela, omba radhi, utalala usingizi.

Kalamu Butu:
Hela ya kurudisha itoke wapi, mama? Mchapaji anasema kubadili kurasa tatu ni kulipa upya. Nilikuwa nafikiria niache ilivyo. Sadaka za nyama si zimo humohumo kwenye Walawi? Nani atakagua? Na kamusi ndiyo iliyosema, mimi sikubuni.

Mtoa Kufuli:
Hii ni chai. Biblia ya Kiswahili ya Union ipo tangu 1952. Walawi 2 inasema "sadaka ya unga", Wathesalonike "hatutawatangulia", Warumi "nikazuiliwa". Nani mwenye akili anafasiri aya upya wakati kila nyumba ya muumini ina Biblia? Mods, funga uzi.

Kinyozi wa Zamu:
Chai yenyewe haina hata tangawizi.

Mzee wa Kamusi:
Msimkatie tamaa. Kamusi kubwa ya Webster ya 1934 iliingiza neno "dord", eti maana yake densiti. Neno hilo halijawahi kuwapo. Kadi ilikuwa imeandikwa "D or d", yaani D au d, vifupisho vya densiti, mtu akaziunganisha herufi. Walikuja kushtuka 1939. Wale walikuwa ofisi nzima.

Mtoa Kufuli:
Mzee, jibu swali. Kwa nini hakufungua Biblia?

Kalamu Butu:
Nilikuwa nayo mezani. Yule mzee alisema anataka ladha ya kile Kiingereza. Nami nikaona nikinakili aya zilizopo nitaonekana sijafanya kazi. Basi.

Mtoa Kufuli:
Weka picha. Jina la kanisa funika.

Kalamu Butu:
Hiyo hapo. Walawi ni ukurasa wa kushoto. Mmeridhika?

Mtoa Kufuli:
Duh. Naomba radhi, mkuu.

Dada Mkavu:
Nimeikuza picha. Ukurasa wa kulia, Waebrania 13: "Mazungumzo yenu yasiwe ya tamaa ya fedha." Hiyo "conversation" ya King James ni mwenendo, mkuu, si maongezi.

Kalamu Butu:
Hiyo sikuwa nimeiona. Nampigia mchapaji, hapokei.