Mama yuko kwenye imunotherapi, achanjwe flu?

MwanaShela: Asalam aleikum, mamangu ana kansa ya mapafu anapewa pembrolizumab, ile dripu ya imunotherapi ya kuamsha kinga ya mwili ipigane na kansa, sasa hapa Lamu nusu ya mtaa wanakohoa na jirani ashasema chanjo itamuua, je achanjwe ama tungoje amalize dripu?

KakaMkunguni: Waalaikum salaam. Jirani mwache na kahawa yake. Chanjo ya flu ya sindano haina kirusi hai, haiwezi kumpa flu, na ya nimonia pia sawa. Za kuogopa ni zenye kirusi hai kama homa ya manjano na surua, hizo asidungwe mpaka daktari wake wa kansa aseme.

NesiPwani: Kama anameza prednisolone semeni, hiyo ni steroidi, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, na steroidi nyingi hupunguza nguvu ya chanjo. Na nyinyi mnaokaa nae mbona hamchanjwi?

MwanaShela: Shukran, ndugu zangu ntawaburuta wote 😂