Nimefunguliwa gia boksi kwa 1,850,000, kumbe ni bushi (vipete vya mpira na plastiki) tatu tu! Mafundi, mnatuonaje?

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na nina hasira. Mwenye haraka apite.

Gari ni Karmann Ghia ya 1969, ya milango miwili na paa gumu (coupé), niliachiwa na marehemu baba. Kwa wasioifahamu: umbo lilitoka kwa Ghia wa Turin, Italia, bodi ikaundwa na Karmann kule Osnabrück, Ujerumani, na chini yake ni Volkswagen Beetle mtupu. Injini iko nyuma, inapozwa kwa upepo, gia nne. Zilitengenezwa toka 1955 mpaka 1974. Najua kuna wajuaji humu watasema hiyo si gari ya spoti, ni Beetle iliyovaa suti. Sawa, ubishi huo tuuache kwa leo. Na kama kuna mtu kule gereji angekumbuka kuwa ni Beetle, nisingekuwa naandika haya.

Tatizo lilianza kidogo kidogo. Ukifika spidi ya kati, leva ya gia inaanza kulia zzzzz, ukiweka mkono juu yake inanyamaza. Baadaye ikalegea. Unaitafuta gia namba mbili kama unakoroga uji kwa mwiko, huijui iko wapi. Siku nyingine ukivuta namba mbili unasikia krrrr, umegusa rivasi. Kwenye gari hizi rivasi iko jirani na namba mbili, kinachoilinda ni kwamba lazima uibonyeze leva chini kwanza ndipo iingie. Ukiona inaingia bila kubonyezwa, jua kuna kitu kimekwisha huko chini.

Nikaipeleka gereji moja hapa Dar. Siitaji jina, msiniulize PM. Gereji yenye geti, vigae, na jamaa wa mapokezi mwenye kishikwambi. Fundi akaingia, akatikisa leva mara mbili, akatoka. "Bosi, gia boksi imekwisha hii. Sinkro zimelika." (Sinkro ni zile ringi za ndani ya gia boksi zinazofanya gia iingie bila kukwaruza.) Hakuinama wala hakuinua kiti, na hata barabarani hakuitoa kuijaribu. Sekunde ishirini, hukumu imesomwa.

Nikakubali. Hilo ni kosa langu na sitalikataa. Ufundi 1,200,000, ringi za sinkro na sili 650,000. Gari likakaa kwao miezi minne, kila nikipiga simu "spea iko njiani bosi".

Nikaenda kulichukua, nikakaa, nikashika leva. Wakuu, IKO VILE VILE. Imelegea vile vile! Nauliza, naambiwa: "Itazoea, ringi mpya huwa hivyo, na gari za zamani ndivyo zilivyo." Nimeendesha hilo gari miaka kumi na moja, naambiwa lilivyo na kijana aliyeliona mara ya kwanza mwezi wa tatu!

Siku ya tisa niko Mandela Road, nimepita Buguruni naelekea Tabata, namba tatu. Mbele foleni, nakanyaga klachi, nashusha gia, leva inakuja yote mkononi kama haijashikana na kitu. Mbele, nyuma, kulia, kushoto, hakuna gia inayotoka wala kuingia. Gari limenasa namba tatu. Nimelitoa pembeni kwa kuichoma klachi, daladala nyuma yangu limelalia honi na konda ananiita majina ambayo moderator atayafuta.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Kinondoni, fundi wa Beetle toka enzi hizo, siku hizi anafanyia kazi chini ya mwembe wa nyumbani kwake. Tumelivuta hadi pale. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, toa kiti cha nyuma." Hata sijamaliza kueleza!

Chini ya kiti cha nyuma kuna kifuniko kidogo cha bati, kina skrubu MOJA. Mzee kaitoa na bisibisi, kamulika tochi, kaniita. Nisikilizeni hapa wenye gari za aina hii. Kutoka kwenye leva kuna rodi ndefu inayopita ndani ya ule mgongo wa katikati ya sakafu hadi nyuma, na pale chini ya kifuniko inaungana na gia boksi kwa kapulingi, yaani kiungo. Kwenye kapulingi kuna bushi mbili za mpira. Mbele, karibu na leva, kuna bushi moja ya plastiki inayoishikilia rodi isicheze. Basi. Zikifa hizo tatu, leva inaenda kwake na gia boksi inabaki kwake.

Za kwangu za nyuma zilikuwa unga. Mzee kaingiza kidole, kakitoa cheusi kama kimepita kwenye sufuria la kuni. Ile ya mbele ilishapukutika yote, imebaki ringi yake ya waya tu inagongana na chuma. Ndiyo hiyo zzzzz yangu.

Na bolti ndogo ya kichwa cha mraba inayobana kapulingi kwenye shafti ya gia boksi ilikuwa imelegea, inaning'inia. Bolti hiyo hufungwa na waya ili isijifungue kwa mtikisiko. Waya haukuwepo. Mzee kauliza: "Nani kafungua hapa?"

Sasa ndiyo hasira yangu ilipopandia, wakuu. Gari hili huwezi kushusha gia boksi bila kutoa injini, na huwezi kuitoa gia boksi bila kufungua kifuniko kile na kuiachia kapulingi ile. Maana yake walifika pale. Walizishika bushi zile kwa mikono yao, zikawachafua vidole, wakaziona zimekuwa unga, wakazirudisha! Waya wakautupa! Kama hawakujua ni kitu gani, basi wasijiite mafundi. Kama walijua, huo ni wizi, sitafuti neno lingine.

Bushi zenyewe shemeji aliyeko Ujerumani kanitumia, zote tatu hazijafika euro 30. Kulikuwa na za plastiki ngumu pia, mzee kazikataa, anasema gia zinaingia vizuri ila mtetemo wote wa injini utahamia mkononi. Kazi imechukua asubuhi moja. Sehemu kubwa ya muda ni ile bushi ya mbele, unaipenyeza kwa vidole kupitia tundu la leva, grisi hadi kwenye kiwiko, na mzee katoka na mchubuko. Kisha akalisogeza lile bati la kuzuia rivasi chini ya leva, kidogo tu, anajaribu, anasogeza tena. Kanidai elfu themanini. Nimempa laki na nusu.

Namba mbili sasa inaingia kwa vidole viwili.

Naomba ushauri kwa waliowahi kudai gereji hela ikarudi. Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) sikupewa, nina karatasi ya mkono na meseji za M-Pesa. Hizo zinatosha pa kuanzia?

MREJESHO: Mwenye gereji kapiga leo baada ya mtu kumpelekea huu uzi. Anasema nilirudishe gari "waliangalie bure". Nimemwambia gari halirudi pale hata kwa kuvutwa. Nimemwomba kitu kimoja: anionyeshe zile ringi za sinkro za zamani walizotoa, zilizolika. Kasema atamuuliza fundi. Ilikuwa saa nne asubuhi, na sasa ni saa tatu usiku.