Naomba ushauri: ghorofa la Johnson na makumbusho ya Libeskind, niyalinganishe vipi?
Hamjambo wenzangu. Nasomea usanifu majengo hapa Mombasa, naandika insha ya kulinganisha mtindo wa postimoderni (unaorudisha urembo wa kale katika majengo mapya) na wa dikonstraktivisti (unaovunja na kupinda maumbo ya kawaida). Jengo la kwanza ni ghorofa lililojengwa kwa ofisi za kampuni ya simu ya AT&T, New York, la Philip Johnson na John Burgee, 1984: graniti ya waridi na kilele cha pembetatu kilichomegwa duara katikati, urembo wa kale uliorudishwa makusudi. La pili, Makumbusho ya Wayahudi ya Daniel Libeskind, Berlin, yaliyofunguliwa 2001, ndilo lililoniteka: kuta za zinki zapinda kama radi, madirisha ni mikato ya mshazari, na ndani mna nafasi tupu za kukumbusha Wayahudi waliouawa na Wanazi. Mwalimu ataka nianze na umbo. Mimi naona historia ndiyo iongoze, maana yote mawili yanazungumza nayo. Je, ofisi na makumbusho vyalinganishika kwa haki, au nibadilishe moja?